Ombi moja, kanuni mbili: uchambuzi wa kisa cha filamu huru ya kutisha

Usuli

Kisa hiki kinahusu filamu ya kutisha iliyotengenezwa na kikosi kidogo, bila fedha za studio wala za kituo cha televisheni. Jina la filamu, nchi na majina ya wahusika nimeyaondoa, na vipengele vichache vya hadithi nimevibadilisha ili isitambulike. Mfuatano wa mambo na sababu za maamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa. Niliingia kazini kama mhariri wa pili, picha zikiwa zimeshapigwa, kwa hiyo sehemu ya mwanzo naieleza kutokana na skripti, ratiba za kila siku, na mazungumzo na mwongozaji na mtayarishaji. Wote wawili wameridhia kisa kiandikwe.

Hadithi ni hii. Binti anamuuguza baba yake, mzee aliyepoteza kumbukumbu hadi hamtambui mwanawe. Ndani ya nyumba kuna simu ya mezani ambayo waya wake ulikatwa zamani. Usiku mmoja inaita. Binti anainua mkono wa simu, na kwa uchovu kuliko kwa imani anasema, "Nataka baba anikumbuke." Upande wa pili kuna sauti yake mwenyewe, inamrudishia maneno yale yale. Kulipokucha mzee anamwita kwa jina. Tangu hapo, kila siku ambayo baba anamkumbuka, mtu mwingine mmoja anamsahau: jirani, rafiki, mwajiri, mwishowe mchumba.

Wazo ni zuri, linaelezeka kwa pumzi moja na linapigika ndani ya nyumba moja. Anayetengeneza filamu kwa fedha za mfukoni hutafuta wazo la namna hii kwa miaka.

Lakini skripti ilikuwa na kitu cha ziada: kiumbe. Katika theluthi ya mwisho, kilichokuwa upande wa pili wa simu kilitoka gizani kikaanza kumkimbiza binti vyumbani. Mwongozaji hakukitaka sana, mtayarishaji alikitaka. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara, na haikuwa ya kijinga: msambazaji wa filamu za kutisha huuliza picha ya bango kabla hajauliza hadithi inahusu nini. Filamu isiyo na nyota maarufu inahitaji sura ya kuuza, na sura ya kutisha ni nafuu kuliko mwigizaji mwenye jina. Kwa hesabu hiyo karibu robo ya bajeti ilikwenda kwenye kinyago cha lateksi (mpira mwembamba), mikono ya bandia, na malipo ya mtaalamu wa mekapu.

Siku za kupiga picha

Ratiba ilikuwa ya siku 16, kila siku saa 12. Mekapu ya kiumbe ilichukua saa nne kuvalishwa na karibu saa nzima kuvuliwa. Ukitoa mapumziko na muda wa kupanga taa, siku ya kiumbe ilibaki na saa tano hivi za kazi halisi. Mwigizaji aliyevaa kinyago haoni vizuri, anapumua kwa shida, na kila baada ya teki mbili tatu, yaani kupigwa mara mbili tatu kwa kipande kile kile, lazima apumzike. Siku hizo zilipangwa nne.

Katika siku ya tatu ya kiumbe, lateksi ilichanika shingoni kwa jasho. Iligundishwa papo hapo, lakini mshono ulionekana kwenye kila picha ya karibu, na mpigapicha akalazimika kupunguza mwanga hadi uso wote ukamezwa na giza. Kitu kilichonunuliwa ili kionekane kikawa kinafichwa.

Muda uliopotea ulifidiwa kutoka kwenye sini, yaani vipande vya hadithi, ambamo binti anasahauliwa. Skripti ilikuwa nazo nne. Ya rafiki ilifutwa kabisa, ya mwajiri ikapigwa kwa teki moja bila picha za karibu. Mtu wa sauti aliharakishwa, na katika vyumba vingi hakupewa hata nusu dakika ya kurekodi ukimya wa chumba, ile sauti tupu ambayo mhariri huitumia kuziba nafasi kati ya maneno. Hakuna aliyeona tatizo siku hizo. Ratiba ilikwisha kwa wakati, na kikosi kikaagana kwa furaha.

Onyesho la majaribio

Toleo la kwanza lilikuwa na dakika 97. Lilionyeshwa kwa watu wapatao thelathini ambao hawakuwa na uhusiano na kikosi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watengenezaji wengi huru huwaonyesha ndugu na marafiki, kisha wakajenga maamuzi juu ya pongezi za watu wanaowapenda.

Dodoso lilikuwa fupi, na swali moja ndilo lililookoa filamu: "Kwa maneno yako, binti amelipa nini?" Majibu yalitawanyika. Wengine waliandika kwamba baba anamwadhibu. Wengine walidhani mtaa mzima umerogwa. Kadhaa waliamini wale watu wanaouawa na kiumbe ndio wanaosahau, jambo ambalo halimo popote kwenye filamu. Waliojibu sawasawa walikuwa wachache.

Kuna jambo lingine ambalo dodoso halikuliuliza. Kiumbe kilipojitokeza mara ya kwanza watu walishtuka. Mara ya tatu walicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa cha kushusha pumzi: wameshakiona, wameshajua kina mikono miwili na miguu miwili, hofu imekwisha. Kumbe katika sini ya jirani, isiyo na damu wala giza, ukumbi ulikuwa umenyamaza kabisa. Binti anabisha hodi, jirani aliyemlea anafungua mlango.

"Mama, ni mimi."

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

Basi. Sekunde chache tu, na hakuna aliyejikuna kwenye kiti.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya onyesho zilikuwepo njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuongeza maelezo: sauti ya simu imwambie binti waziwazi kwamba kila siku moja ya kumbukumbu inagharimu mtu mmoja. Kwa gharama hakuna iliyoishinda, mwigizaji anaingia studio kwa saa moja na kazi imekwisha. Tuliirekodi tukaijaribu. Ghafla yule wa upande wa pili akageuka karani anayesoma masharti ya mkopo. Binti aliyeelezwa masharti na kuyakubali si yule aliyesema jambo kwa uchovu usiku wa manane. Anakuwa mkopaji, na mtazamaji anaanza kumlaumu. Tuliiacha.

Ya pili ilikuwa kukitengeneza upya kiumbe kwa kompyuta. Makadirio tuliyopewa yalizidi kiasi kilichobaki, na hata yasingezidi, kicheko cha mara ya tatu kilikuwa kimeshatuambia kwamba ubora wa kinyago haukuwa ndio tatizo.

Ya tatu, iliyochukuliwa, ilikuwa kukiondoa kiumbe karibu chote na kurudi kwenye kanuni ya ombi. Hapa ndipo tulipogundua kwamba filamu ilikuwa na kanuni mbili, na kwamba waliochanganyikiwa walikuwa na haki.

Hadithi za ombi lililoharibika ni za kale, na kuna namna mbili ambazo ombi huharibika ndani yake. Namna ya kwanza ni ombi lenye pengo. Katika masimulizi ya Wagiriki, Eos, mungu wa alfajiri, alimwomba Zeus ampe mpenzi wake Tithonus uhai wa milele, akasahau kuomba ujana wa milele. Tithonus akaendelea kuzeeka bila kufa. Ombi limetimizwa kama lilivyotamkwa, na msiba umo kwenye kilichoachwa. Namna ya pili ni ombi lenye bei. Katika hadithi fupi ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902, "The Monkey's Paw", mzee anaomba paundi 200. Anazipata, zote, kama malipo ya kifuta machozi baada ya mwanawe kuuawa na mashine kazini. Maneno ya ombi hayana kasoro yoyote. Kasoro iko kwenye mlango ambao fedha zimepitia.

Hofu za namna hizi mbili hazifanani. Kwenye pengo, mtazamaji anarudi nyuma kuyachambua maneno: alisemaje, angesemaje. Kwenye bei, anatazama mbele: nani anafuata. Ukimtaka mtu atazame nyuma na mbele kwa wakati mmoja, hatazami popote.

Filamu yetu ilifanya hivyo hasa. Kusahauliwa na watu ni bei. Lakini katikati yake palikuwa na dakika 11 za pengo: baba anamkumbuka binti akiwa na miaka sita tu, kwa sababu ombi halikusema amkumbuke akiwa na umri gani. Anamfungia ndani asitoke peke yake. Anamnyang'anya kisu. Anamfunga kamba za viatu, mwanamke mzima, naye ananyamaza kwa kuwa ni mara ya kwanza kwa miaka mingi baba yake amemgusa kwa upendo. Mwigizaji wa baba alikuwa bora kuliko wote kwenye filamu, na sini hizo ndizo zilizokuwa bora zake.

Zilikatwa. Sababu zilikuwa mbili. Mwisho wa filamu ulikuwa umeshapigwa kwa kanuni ya bei na hapakuwa na fedha za kupiga mwisho mwingine. Pia sini nyingi za baba zilitegemea kiumbe kama mlinzi wa nyumba, na kiumbe alikuwa anaondoka. Mwongozaji alichukua karibu wiki kukubali. Ilibaki sini moja, ile ya kamba za viatu, kwa sababu bila nyingine pembeni yake inasomeka kama mapenzi ya mzazi na haidai maelezo. Mtu akiniuliza kama filamu ya pengo, yaani baba na binti wa miaka sita ndani ya mwili wa mtu mzima, ingekuwa bora kuliko hii ya bei, nitasema huenda ingekuwa. Lakini hiyo ilihitaji kupigwa, na iliyokuwepo ni hii.

Zilitafutwa siku mbili za nyongeza, katika nyumba ile ile, na kikosi cha watu sita. Kazi yake kubwa ilikuwa kuirudisha sini ya rafiki iliyofutwa, ila kwa muundo mpya. Katika toleo la kwanza kila kusahauliwa kuligunduliwa baada ya kutokea: binti anafika mahali, anakuta hajulikani. Sasa tulitaka mtazamaji aone kumbukumbu inavyotoka.

Binti na rafiki wako jikoni, wanacheka kuhusu jambo la zamani. Kamera haikati. Kutoka chumba cha pili baba anamwita binti kwa jina. Tabasamu la rafiki linabaki lilivyo, ila macho yanabadilika. Anaweka kikombe taratibu. "Samahani," anasema, "umeingia vipi humu?" Chanzo na tokeo viko ndani ya shoti moja, bila kiumbe, bila neno la maelezo. Teki iliyotumika ni ya nne. Katika tatu za mwanzo mwigizaji aliigiza kusahau: alikunja uso, akasita. Mwongozaji alimwambia asiigize kusahau, aigize kumwona mgeni jikoni kwake. Hapo ikakaa.

Fedha zilizosalia zote zilikwenda kwenye sauti. Hofu ya toleo la kwanza ilikuwa imejengwa juu ya mvumo mzito wa chini, unaotikisa kiti cha ukumbini. Lakini filamu ya aina hii watu wengi huitazama kwenye simu au kompyuta, na spika ndogo haitoi besi hiyo. Mvumo unapotea wote, na mtazamaji anabaki akimwona mtu anaogopa bila sababu. Fundi wa sauti akatumia kitu kilichokuwemo kwenye hadithi tangu mwanzo: simu ya mezani. Mtandao wa simu za zamani ulipitisha sauti kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu, masafa ambayo spika ya simu ya mkononi inayamudu vizuri. Sauti ya upande wa pili ikachujwa kwenye masafa hayo, ikasikika vilevile ukumbini na kitandani.

La pili lilikuwa dogo na ndilo ninalolipenda zaidi. Kila mtu anapomsahau binti, ukimya wa chumba unakatika kabisa kwa fremu 12. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde hiyo ni nusu sekunde ya utupu: hata vumo la friji halipo. Watazamaji wengi hawawezi kusema wamesikia nini, lakini kufikia mara ya tatu wanajua jambo limetokea kabla mwigizaji hajafumbua mdomo. Ili kufanya hivyo ilibidi kwanza uwepo ukimya wa kukatwa, na kama nilivyosema haukurekodiwa. Mtu wa sauti alirudi kwenye nyumba katika siku zile za nyongeza akakaa peke yake kila chumba na maikrofoni.

Matokeo

Toleo la mwisho lina dakika 81. Katika onyesho la pili la majaribio, mbele ya watu wengine, wengi waliijibu bei kwa usahihi, na baadhi yao waliitaja sini ya jikoni bila kuulizwa. Kiumbe kimebaki kwa sekunde chache: mkono unaorudisha simu mahali pake.

Matamasha makubwa yaliikataa. Tamasha moja la filamu za kutisha liliipokea, na kutokana na hilo ikapata mkataba usio wa kipekee, yaani unaoruhusu filamu iuzwe kwingine pia, na jukwaa la kutazamia filamu mtandaoni. Gharama zimerudi kwa sehemu tu. Wakati naandika, waigizaji waliokubali kulipwa baadaye kwa mgao wa mapato walikuwa bado hawajapata kitu. Wanaosifia uhuru wa filamu huru huliruka jambo hili.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni lile swali la dodoso. Maswali ya kawaida, umeipenda, ilikuchosha wapi, yangeleta majibu ya kawaida: punguza hapa, ongeza mwendo pale. Swali la malipo liligusa mtambo wenyewe wa hadithi. Lingeweza kuulizwa bure miezi mingi kabla, wakati skripti ikiwa karatasi: msimulie mtu asiyeijua kwa dakika tatu, kisha muulize mhusika amelipa nini. Skripti ilisomwa na watu kadhaa, na maoni yao yaliyohifadhiwa yote ni kuhusu mazungumzo na majina ya wahusika.

Kukiondoa kiumbe kulifaa, lakini nisingependa kisa hiki kisomwe kama ushahidi kwamba kutoonyesha ni bora daima. Hoja hiyo hurudiwa mno, kwa kawaida na watu wasio na fedha za kuonyesha. Kiumbe hiki kilishindwa kwa sababu hakikuwa na kazi. Hofu ya filamu ilikuwa mtu kuwa mgeni kwa wanaompenda, na kitu kinachokukimbiza, kwa namna yake, kinakujua. Kilipingana na wazo. Filamu ambayo hofu yake ni kushikwa ingekihitaji, na kinyago kile kile kingetosha.

Kilichoshindwa na hakikurekebishika ni theluthi ya mwisho. Picha za binti akikimbia zilipigwa kwa ajili ya kumkimbia mtu, na mtu huyo hayupo tena. Sauti imeziba kiasi, lakini bado kuna dakika sita hivi ambamo mwigizaji anaogopa zaidi ya anachokiona mtazamaji. Wahakiki wawili waliiandika filamu na wote waligusa hapo. Mwisho wenyewe unaokoa: binti anainua simu kuomba ombi lifutwe, na sauti yake mwenyewe inamuuliza, "Nani anaongea?"

Chanzo cha gharama kilikuwa ratiba kuliko ladha. Siku nne za kiumbe zilipowekwa kwenye karatasi hakuna aliyeandika pembeni ni sini zipi zingekufa zikichelewa. Kama orodha hiyo ingekuwepo, sini ya rafiki isingefutwa kimyakimya saa nne usiku na watu waliochoka, na siku mbili za nyongeza huenda zisingehitajika.

Trela imebaki mgogoro. Jukwaa lilitaka picha za kiumbe, na mtayarishaji akazitoa kutoka kwenye mabaki ya uhariri. Bango pia lina kinyago. Mtayarishaji hutoa mfano wa The Blair Witch Project ya 1999: haimwonyeshi mchawi hata mara moja, lakini tovuti yake iliwaaminisha watu wengi kwamba kisa ni cha kweli kabla hawajakata tiketi, kwa hiyo tangazo na filamu ni vitu viwili tofauti. Mwongozaji hakubaliani, na maoni ya watazamaji yanampa nguvu, kwani lalamiko linalorudi zaidi ni kwamba waliahidiwa kiumbe wakapewa mkono. Upande wangu uko kwa mwongozaji kuhusu trela na kwa mtayarishaji kuhusu bango: picha moja huvuta mtu, ila dakika mbili za kiumbe zinamwambia aingie kutazama filamu isiyokuwepo.

Mtaalamu wa mekapu alilipwa chote alichoahidiwa, na jina lake limebaki kwenye orodha ya mwisho. Aliomba bango litumie picha iliyopigwa kabla ya shingo kuchanika, akapewa.